TUSIWAKALISHE WAZEE WETU: SOMO JUU YA MAZOEZI YA NGUVU



Mara nyingi kurasa hizi huzungumza juu ya chanjo za watoto, maji safi, mbuzi wa maziwa na akiba ya vikundi. Leo tunawageukia wazee wetu, akina baba na akina mama waliotimiza miaka 60 na zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ina zaidi ya watu milioni 2.7 wa umri huo. Hakuna kijiji hapa Muthara kisicho na wazee, na nyumba nyingi ni nyanya au babu anayeshikilia wajukuu.

Lengo la somo: Baada ya somo hili msomaji aweze (1) kueleza kwa nini mzee hupoteza nguvu za miguu, (2) kuonyesha mazoezi sita yanayoweza kufanywa nyumbani bila gharama, (3) kuanzisha mazoezi hayo katika jumuiya au kikundi chake.

1. HESHIMA INAYOMKALISHA MZEE

Sisi watu wa Tigania tunajua kuheshimu wazee. Njuri Ncheke ni baraza la wazee, na neno la mzee bado lina uzito kwetu. Mtoto anayemwacha mama yake abebe maji huku yeye ana nguvu husemwa vibaya na majirani, na ni haki asemwe.

Kwa hiyo mtoto mwema hufanya nini? Hununua kiti kizuri na kukiweka kivulini. Huajiri kijana wa kuchota maji. Humwambia, "Mama, wewe pumzika sasa, kazi umefanya ya kutosha." Mama akishika jembe, ananyang'anywa. Akitaka kwenda sokoni kwa miguu, anaitiwa bodaboda. Hayo yote hufanywa kwa upendo.

Sasa tuangalie yanayofuata. Tunapotembelea nyumba tunaona mambo yale yale. Mwaka wa kwanza mama anakaa vizuri, hata ananenepa kidogo. Mwaka wa pili anainuka kitini kwa kusukuma magoti na mikono. Mwaka wa tatu anavutwa mkono na mjukuu. Halafu inafika siku anashindwa kuinuka chooni. Vyoo vyetu ni vya shimo, mtu huchuchumaa na kuinuka bila cha kushika. Mzee anayeshindwa hapo huanza kunywa maji kidogo na kula kidogo, ili asiende choo mara nyingi. Na yeye hasemi. Ataanzaje kumwambia mkaza mwana wake jambo kama hilo?

Siku hiyo si miguu peke yake iliyopotea. Heshima yenyewe, ile tuliyotaka kumpa, imeondoka pia. Ndiyo maana tunasema: kumpunguzia mzee mzigo ni vyema, lakini kumwondolea kila mwendo ni kumdhuru.

2. NI NINI HUTOKEA MWILINI?

Misuli ndiyo nyama inayovuta mifupa ili tuweze kusimama, kutembea na kubeba. Kuanzia umri wa miaka 30 hivi, mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka 10. Baada ya miaka 60 upotevu huo huenda haraka zaidi. Hilo ni la kila mtu, awe tajiri au maskini.

Lakini kuna upotevu mwingine ambao hautokani na umri. Unatokana na kukaa. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti juu ya wazee wenye afya nzuri waliokubali kulala kitandani kwa siku 10. Kwa siku hizo 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Fikiria mzee wetu akishikwa na malaria au nimonia, alale wiki mbili, halafu akirudi nyumbani aambiwe, "Usiinuke, bado u mgonjwa." Ugonjwa umepona, lakini miguu imeachwa kitandani.

Wengi husema, "Ni uzee huo, hakuna dawa." Ukweli ni kwamba sehemu moja ni uzee, na sehemu nyingine ni kiti.

3. JE, NGUVU ZILIZOPOTEA ZINAWEZA KURUDI?

Ndiyo, hata kwa mtu wa miaka 90.

Mwaka 1990, katika mji wa Boston huko Marekani, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wakaazi 10 wa makao ya wazee. Mdogo wao alikuwa na miaka 86 na mkubwa 96. Walikuwa wanyonge, wenye magonjwa mbalimbali. Kwa wiki 8 walifanya mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu mara tatu kwa wiki, na uzito ukawa unaongezwa polepole. Waliomaliza walikuwa 9. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Ni kama mtu aliyekuwa akiinua kilo 10 aishie kuinua zaidi ya kilo 27. Wawili kati yao waliacha kutumia bakora.

Watu wengine walisema, labda hao walikuwa wachache na wenye bahati. Basi mwaka 1994 daktari huyo huyo alichapisha utafiti mwingine wa wazee 100, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 80. Katika wiki 10 waliofanya mazoezi waliongeza nguvu kwa asilimia 113, na wakatembea haraka kuliko mwanzo.

Jambo moja zaidi tulishike vizuri. Wale wa mwaka 1990 walipoacha mazoezi kwa wiki 4, walipoteza karibu theluthi ya nguvu zao. Kumbe nguvu si kama mahindi ya ghalani, kwamba ukishajaza unafunga mlango na kula polepole. Nguvu ni kama maziwa: lazima ng'ombe akamuliwe tena kesho.

4. "LAKINI SISI TUMELIMA MAISHA YETU YOTE!"

Hili ndilo jibu tunalopata kila mara tukitaja mazoezi. Mzee atacheka na kusema, "Mazoezi ni ya watu wa mjini wanaokaa ofisini. Mimi nimelima tangu ukoloni!" Ana haki ya kusema hivyo, na kazi hiyo ilimjenga kweli.

Wanawake wetu wanajulikana hata kwa wanasayansi. Mwaka 1986 watafiti waliandika juu ya wanawake wa Kenya, Wakikuyu wanaobeba mizigo kwa kamba inayopita kichwani na Wajaluo wanaobeba juu ya kichwa. Waliona kwamba mama aliyezoea anaweza kubeba mzigo wa moja ya tano ya uzito wake bila mwili wake kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Mama zetu wa Meru wanaijua kamba hiyo.

Tena tuwatazame Wahadza wa Ziwa Eyasi, kule Tanzania, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali. Mwaka 2017 watafiti waliandika kwamba watu hao hufanya mwendo wa kutoa jasho zaidi ya saa mbili kwa siku, na wazee wao hawapungui sana kuliko vijana. Mwaka 2020 wakaongeza jambo la kushangaza: Wahadza nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawasawa na watu wa mjini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Mara nyingi wao huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Hawaegemei viti vya sofa.

Kwa hiyo aliyelima maisha yake yote ana msingi mzuri. Lakini msingi huo hudumu akiendelea kutumia mwili. Akikalishwa leo, jembe la mwaka 1975 halitamsaidia kuinuka mwaka ujao. Isitoshe, jembe humfanya mtu ainame. Halimfundishi kusimama kwa mguu mmoja asianguke kwenye matope ya mteremko.

5. FAIDA NI ZIPI?

(a) Kutoanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2019 zilionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Mzee akivunjika nyonga, familia huuza ng'ombe, na wakati mwingine shamba.

(b) Mifupa. Misuli inapovuta mfupa, mfupa nao hujiimarisha.

(c) Sukari na presha. Misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari ya damu. Misuli ikifanya kazi, sukari hushuka. Presha pia husaidika.

(d) Usingizi na moyo mkunjufu. Mzee aliyechoka kwa kazi ya mwili hulala vizuri. Na anayekutana na wenzake hana wakati wa kuwaza peke yake.

(e) Kujitegemea. Kuoga mwenyewe, kwenda choo mwenyewe, kufika kanisani, kuhudhuria mkutano wa ukoo na kusikilizwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Kushiriki kunataka miguu.

6. TUJIPIME KWANZA

Chukua kiti imara, ukiegemeze ukutani. Mzee akae, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5 haraka awezavyo bila kushika kitu. Mjukuu mwenye simu au saa ahesabu sekunde. Ikizidi sekunde 15, au akishindwa kabisa, ni dalili kwamba misuli imedhoofika. Asiaibike. Ndiye anayehitaji somo hili kuliko wengine.

7. MAZOEZI SITA YA NYUMBANI

Yafanywe siku 3 kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Misuli hujijenga wakati wa kupumzika, kwa hiyo siku ya katikati ni ya lazima.

Zoezi la 1: Kuinuka kitini. Miguu iwe sawa chini. Inuka polepole, kaa polepole zaidi. Usijitupe! Asiyeweza aanze kwa kusaidiwa na mikono, au aweke blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kiwe juu kidogo. Mara 5, kisha pole pole ufike 10.

Zoezi la 2: Kusimama kwa vidole. Shika nguzo ya nyumba, inua visigino vyote viwili, hesabu mpaka 3, shuka. Mara 10.

Zoezi la 3: Kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, kunja viwiko mpaka uso ukaribie ukuta, jisukume urudi. Mara 8 hadi 10. Hili ni la mikono na kifua.

Zoezi la 4: Kuinua mzigo. Jaza maji chupa mbili za nusu lita, shika moja kila mkono, inua kutoka pajani mpaka begani. Zikiwa rahisi, jaza mchanga. Baadaye tumia pakiti ya unga ya kilo 2, mkono mmoja kwa wakati.

Zoezi la 5: Kupanda ngazi ya mlango. Panda kwa mguu wa kulia, shuka. Kisha wa kushoto. Mara 8 kila mguu, mtu akiwa karibu.

Zoezi la 6: Kusimama kwa mguu mmoja. Shika nguzo, inua mguu mmoja, hesabu mpaka 10. Ukizoea, shika kwa kidole kimoja tu. Halafu tembea hatua 10 ukiweka kisigino mbele ya vidole, kama anayepita juu ya gogo la kuvukia mto.

Kanuni kubwa ni hii: mara mbili za mwisho ziwe ngumu kidogo. Ikiwa unaimba huku unafanya, mzigo ni mwepesi, uongeze. Ikiwa huwezi hata kuzungumza, umezidisha, upunguze. Mazoezi yasiyoongezwa hayamjengi mtu.

Pamoja na hayo, mzee atembee. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, na ya kusimama imara siku 3 au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5 tu. Kwenda sokoni na kurudi kunatosha, bodaboda aachiwe mizigo.

8. TAHADHARI

- Usizuie pumzi. Toa pumzi unapoinuka, vuta unapokaa. Kuzuia pumzi hupandisha presha.
- Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aulize kwanza dispensari au kwa mhudumu wa afya ya jamii.
- Acha mara moja ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, kisha uende kituo cha afya. Misuli kuuma kidogo kesho yake ni kawaida. Kiungo kuuma kwa ukali au kuvimba si kawaida.
- Vaa viatu vinavyoshika mguu. Patipati zilizochakaa zimewaangusha wengi.
- Mwenye sukari anayetumia dawa ale kitu kabla ya kuanza.

9. CHAKULA CHA KUJENGA MISULI

Wazee wengi hapa wanaishi kwa chai na mkate, au uji mtupu, kwa sababu meno yameisha. Misuli haijengwi na chai. Wataalamu wanashauri mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mzee wa kilo 60 basi anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15. Maharagwe na ndengu vipondwe vizuri, yai lichemshwe, uji uchanganywe na maziwa. Mwenye ugonjwa wa figo afuate maneno ya daktari wake.

Lakini chakula peke yake hakitoshi. Katika ule utafiti wa wazee 100, waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nguvu. Chakula ni matofali. Mazoezi ndiye fundi.

10. TUFANYE PAMOJA

Mtu peke yake huchoka haraka. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, akina nyanya wamejulikana kwa miaka mingi kwa kukutana kujifunza kujikinga na wanaowavamia. Kikundi chao kinaitwa Shosho Jikinge. Wanapiga ngumi, wanapiga mateke, wanapaza sauti. Walianza kwa hofu ya wahalifu, lakini miili yao nayo ilipata nguvu.

Mbali zaidi, katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, mama mmoja aitwaye Beka Ntsanwisi aliwakusanya akina nyanya wakaanza kucheza mpira wa miguu. Timu yao inaitwa Vakhegula Vakhegula, na mwaka 2010 walisafiri hadi Marekani kucheza. Hatuwaambii wazee wa Muthara waunde timu ya kabumbu, ingawa hatuwakatazi! Tunalosema ni kwamba watu walicheka mwanzoni, halafu wakaacha kucheka.

Sisi tayari tuna mahali pa kukutania. Jumuiya ndogo ndogo hukutana kila wiki, vikundi vya akina mama pia. Dakika 20 kabla ya kikao zinatosha: viti vipo, ukuta upo, na wa kuhesabu hawakosi.

Na kwa nyinyi watoto na wakaza wana: msimnyang'anye mama jembe lote. Mwachieni kitalu cha mboga, kuku wa kulisha, kuni ndogo za kukusanya. Akitaka kuinuka, hesabu mpaka tano kabla ya kumpa mkono. Mara nyingi utaona ameinuka mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni wazee wangapi wasiotoka tena nje ya boma? Waliacha kutoka lini, na kwa sababu gani?
2. Ni kazi gani tuliwaondolea wazee wetu ambazo wangeweza kuziendeleza kwa kipimo?
3. Choo cha nyumbani kwako kina mti au kamba ya mzee kushika? Ni nani ataiweka, na lini?
4. Wanaume husema mazoezi ya kikundi ni mambo ya wanawake. Tutawavutaje?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila jumuiya iwapime wazee wake kwa zoezi la kuinuka mara 5, iandike sekunde za kila mmoja katika daftari, na ianze mazoezi siku 3 kwa wiki. Baada ya wiki 8 wapimwe tena. Msituletee maneno mengi; tuleteeni daftari tuone sekunde zimepungua kiasi gani.

Tunawatakia wazee wetu miguu imara, na tunawatakia watoto wao subira ya kuwaacha waitumie.